Mstari Chini ya Namba

Kwenye mpira wa miguu hakuna ubishi. Nahodha anavaa kitambaa mkononi, na hata anayepita barabarani na baiskeli yake anakiona. Kwenye netiboli, pale shuleni kwetu Mpanda, kila mchezaji alikuwa na herufi za nafasi yake kifuani, na nahodha tulimfunga mkononi utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukambana mpaka vidole vinakufa ganzi. Mpira wa wavu wenyewe una utaratibu wake: nahodha anashonewa mstari mfupi kifuani, chini ya namba, basi. Kistari hakizidi urefu wa kidole. Kidogo hivyo, lakini kilinikosesha usingizi, na hata sasa nikikisimulia goti linanichezacheza chini ya meza.

Mimi ni pacha. Dada yangu ni kurwa, maana alitangulia kutoka, mimi doto. Tunafanana mpaka kero. Tulilelewa Ilembo na bibi yetu mzaa mama, Mkonongo wa damu, na bibi huyo alikuwa na sheria moja tu ndani ya nyumba: anachopata kurwa, doto apate. Gauni hili na hili, rangi moja, marinda sawasawa. Kipande cha nyama hiki na hiki. Kurwa akichapwa, na mimi nachapwa, eti tusipishane. Weee! Nimechapwa kwa makosa ya watu mpaka nikaona bora niwe nayafanya mwenyewe kwanza, walau nifaidi.

Na usidhani Bibi alikuwa anafanya ukali tu. Bibi naye alizaliwa pacha, yeye ndiye kurwa. Walipokuwa wadogo baba yao alirudi na treni kutoka Tabora akiwa na viatu pea moja, akampa yeye. Mwenzake ataletewa safari ijayo, akasema. Masika hayohayo doto akashikwa na homa, akafa. Shangazi zetu wote wanasema ilikuwa malaria. Bibi anasema ni viatu. Alivivua siku ya mazishi na mpaka leo ukimnunulia viatu vya kufunika anakushukuru, anaviweka juu ya kabati, anaendelea na ndala zake.

Kwa hiyo namwelewa. Lakini kumwelewa mtu hakukufanyi utulie! Mimi nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuitwa "pacha" kama vile nimezaliwa nusu. Sokoni "pacha, hujambo", kanisani "pacha, mwenzio yuko wapi", hata kocha wetu wa timu ya kata, mtu aliyetufundisha kurusha mpira kwa mikono yake, alikuwa anaita "pacha!" na sote wawili tunageuka. Nilikuwa natembea nikijihesabia siku nitakapoitwa mimi kama mimi. Nilitaka hilo kuliko nilivyotaka kushinda mechi yoyote.

Basi kocha akamchagua dada yangu kuwa nahodha. Wasichana wakaninyamazia, wakidhani nimeumia. Nimeumia wapi? Nilitaka kuruka! Namba hakuna anayezikariri, lakini nahodha ana mstari. Asiye nahodha hana. Kwa mara ya kwanza mtu akitutazama atajua nani ni nani, bila kutuuliza.

Kocha akampelekea Bibi jezi zetu na kitambaa cheupe, kwa kuwa Bibi ana cherehani. Akamweleza vizuri: mstari mmoja, chini ya namba, kwa nahodha. Bibi akaitikia, "Nimesikia, baba." Sisi tulikuwa kisimani. Jezi alikuja nazo mwenyewe siku ya mechi, amezikunja ndani ya mfuko, kule Katumba, na akatugawia pembeni ya uwanja kila mmoja ya kwake. Nikavaa upesi upesi maana mimi siwezi kuvaa taratibu. Nikaangalia chini.

Mstari.

Nikamwangalia dada yangu. Mstari. Na ulivyoshonwa! Vipimo vilevile, uzi uleule.

"Mama yangu," nikasema. "Bibi ametumaliza."

"Punguza sauti," dada yangu akasema. "Ukimsema atalia. Refa mwenyewe hatazami vifua vya watu."

Nikamkimbilia kocha. Kocha ni Mnyamwezi, kwao mapacha wamejaa na mambo yao anayajua. Akatazama kifua changu, akatazama cha dada yangu, akajikuna kisogo. "Bibi yenu mimi simuwezi," akasema, akaondoka kwenda kukaza wavu ambao ulikuwa umeshakazwa.

Nilifura. Nilishindwa hata kusimama mahali pamoja; nilizunguka benchi, nikanywa maji, nikayatema, nikafunga kamba za raba na kuzifungua. Bibi alikuwa ametandika khanga yake karibu na laini ya majivu, mpaka wa uwanja, amekaa, ametulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi yake. Alitupungia mkono. Kwa sote wawili, bila shaka.

Dada yangu alikwenda kurushiwa shilingi na refa, na hakuna aliyegundua kitu. Mechi ikaanza. Tulikuwa tunakwenda vizuri, tena vizuri sana, mpaka mpira wetu mmoja ukaangukia juu ya laini ya majivu upande wa Katumba, yaani ndani, vumbi jeupe likatimka, kila mtu akaliona, na refa akapuliza: nje.

Nje? Damu ikanichemka. Nikamvaa refa pale pale chini ya kiti chake.

Kwenye mpira wa wavu mchezaji hagombani na refa ovyo. Nahodha ndiye anayesema, wengine mnafunga midomo. Refa akainama kunifukuza, akaona mstari, akalainika. "Haya, nahodha, sema."

Nikasema! Nilisema mpaka nikaonyesha na majivu kwa kidole. Akanisikiliza, akanijibu kwa heshima kwamba uamuzi ni ule ule, nikarudi nimejaa kiburi. Sikuwa nimefika nafasi yangu, dada yangu naye akaenda, taratibu, na ule upole wake.

"Samahani, refa, ule mpira..."

"Si nimeshakujibu?"

"Mimi? Sijaongea na wewe."

Refa akatazama namba yake. Akatazama mstari. Akageuza shingo kunitafuta mimi, akaniona, akauona na wangu. Akashuka kwenye kiti.

"Nahodha ni nani hapa?"

"Wote!" watazamaji wa Katumba wakapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Wenzetu wengine wa timu walikuwa wamejishika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Refa hakucheka. "Timu moja, nahodha mmoja," akasema. "Mstari mmoja utoke, la sivyo hatuendelei."

Bibi akainuka. Akaingia uwanjani na ndala zake, khanga mkononi, akasimama mbele ya refa.

"Mwanangu, hawa ni mapacha."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hawa ni mapacha."

"Naona, Bibi. Lakini mchezo una kanuni zake."

"Na huyu doto akifa," Bibi akasema, "utakuja kumzika wewe?"

Kicheko kikakatika. Niliona mdomo wake unatetemeka, na nikajua hapa haongelei jezi. Dada yangu naye akajua. Akashika mstari wake kwa kucha, akaanza kuuvuta. "Bibi, usilie. Natoa wangu. Tusiwe nao wote wawili, nahodha awe mwingine."

Wote wawili bila mstari? Turudi kule kule, pacha na pacha? Thubutu! Nikamshika mkono dada yangu, nikamsukuma. Nikavuta jezi yangu mpaka mdomoni, nikauma uzi. Bibi ana mishono migumu jamani, utadhani anashona gunia la tumbaku. Niliuma, nikavuta, nikauma tena, watu wote wananitazama tumbo likiwa wazi, mpaka ule mstari ukabanduka ukabaki mkononi.

"Bibi," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "sifi. Nataka nisiwe nao. Nataka mtu anitazame ajue ni mimi."

Bibi aliupokea mstari. Akaufunga kwenye pindo la khanga, akarudi kukaa, akanigeuzia mgongo.

Refa akapanda kiti chake. Katumba wakaanzisha, mpira wao ukanasa wavuni; akapuliza filimbi, akaninyooshea kidole mimi, si mwingine. "Wewe usiye na mstari, zamu yako, sevu, anzisha mpira."

Nilisevu huku macho yamejaa machozi na sikuuona mpira ulipotua. Nasikia ulitua vizuri. Mechi tulifungwa, Katumba walituzidi tu, lakini mimi nilirudi Ilembo nikiimba njia nzima, na Bibi amekaa kando yangu garini, kiganja chake kiko kwenye paji la uso wangu. Kila nikikikwepa, kinarudi.

Siku zilizofuata alinitesa. Nikikohoa, anatoka jikoni mbio. Nikiacha ugali, anauliza viungo vinauma? Asubuhi nafumbua macho namkuta amesimama mlangoni ananisikiliza nikipumua. Nilimfokea, "Bibi, mimi mzima!" Akasema, "Najua, mke mwenzangu," akabaki pale pale. Ikawa hata mimi nimeanza kujipapasa shingo kwa siri, nione kama kuna joto. Kisha siku moja akaniomba jezi yangu, anataka kuifua mwenyewe, na baada ya hapo akaanza kulala usiku kucha.

Mechi iliyofuata tulicheza na Mishamo. Nilikuwa natikisa miguu nikisubiri filimbi, na kitu kikawa kinaniwasha kifuani, chini ya namba. Nikajikuna, bado. Nikaingiza mkono ndani ya jezi.

Bibi alikuwa ameushona kwa ndani. Mstari ule ule, wenye alama za meno yangu, kwa mishono midogo midogo ambayo haikutokeza nje hata mmoja. Sijui aliishonaje na yale macho yake. Kwa nje jezi ilikuwa tupu, safi, vile nilivyotaka.

Hasira zikanipanda. Nikaingiza ukucha chini ya uzi. Nikamtafuta Bibi kwa macho: amekaa juu ya khanga yake, ametazama kule kwenye magoli ya mpira wa miguu, ambako hakuna mtu yeyote anayecheza, na mikono yake miwili ameikumbatia kifuani kwa nguvu.

"Kuna nini?" dada yangu, nahodha wangu, akaniuliza.

"Hamna."

Nikatoa ukucha. Nikaichomeka jezi vizuri kwenye bukta, mstari ukanilalia kifuani, nikaomba mpira.