Jina Ambalo Shemeji Hakuweza Kulitaja

Nishani ya baba ilikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Ilikuwa imetengenezwa, imeandikiwa karatasi, imefungiwa kwenye kabati la chuma la ofisi moja pale Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa ambalo miaka ile halikuwa na kitambaa hata kimoja. Ilikuwa imetolewa kwa "mgambo mmoja, jina halikupatikana." Na mgambo huyo alikuwa uani kwetu, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, ameketi juu ya debe, anashona magunia ya wachuuzi wa sokoni.

Baba alikwenda vita ya Kagera pamoja na shemeji yangu, mume wa dada. Wote wawili walikuwa mgambo wa mtaa wetu, wakaitwa pamoja, wakapanda lori moja huku sisi tukilikimbilia kwa nyuma na mifuko ya mihogo mikavu. Kwetu kusini, mkwe halitaji jina la baba wa mkewe. Halitaji akiwa peke yake, halitaji akiwa na homa, halitaji hata akiulizwa mahakamani. Hapiti mlangoni kabla yake, wala hali naye sinia moja. Jeshi halikuwa na habari hizo. Liliwatia kwenye handaki moja, na humo wakalala miezi wakiwa wamepeana migongo.

Baba akisimulia hayo alicheka mpaka akajifuta macho kwa shati. "Mabomu yanalia kule, ardhi inatikisika, na huyu ananiambia, 'Samahani mzee, naomba ruhusa ninyooshe mguu.'"

Kwa sababu ya umri wake walimweka jikoni. Siku yenyewe alikuwa amepeleka chakula mbele, sufuria kichwani, wakati kombania ilipopigwa ikiwa katikati ya matope na mafunjo. Baba aliitua sufuria. Hakuna aliyemtuma. Aliingia kwenye yale mafunjo akamvuta mtu kwa mikanda ya begi mpaka pakavu, akarudi akamvuta wa pili, akarudi tena akamvuta wa tatu, na alipomfikisha yule wa tatu, kipande cha chuma kikamwingia pajani, akaanguka, akazimia. Wakambeba wakampeleka hospitali ya nyuma.

Jioni afande alikuja kuuliza. Aliyekuwa amebaki wima na aliyeona yote kwa macho yake alikuwa shemeji peke yake.

"Nani aliwatoa hawa?"

"Mzee, afande."

"Mzee nani?"

"Mzee wetu wa jikoni."

"Ana jina huyo mzee?"

Shemeji akanyamaza. Afande alidhani milipuko imemtia uziwi, akamwambia karani wake aandike hivyo hivyo, jina lingetafutwa baadaye. Hiyo baadaye haikufika. Afande mwenyewe alifia mbele zaidi. Kati ya wale watatu waliovutwa, wawili walikufa wakiwa kitandani, na wa tatu hakukumbuka tena hata siku ya wiki. Pendekezo la nishani ya ushujaa likapanda ngazi bila mwenyewe, na faili la baba likabaki na maneno ambayo mtu aliyaandika siku ya kwanza kambini: "Mpishi. Hakushiriki mapigano."

Maneno hayo yalisomwa kwa kipaza sauti siku mgambo wa wilaya walipokusanywa kupewa nishani ile ambayo kila aliyekwenda alipewa. Majirani walikuwepo. Kuanzia siku hiyo baba hakuweza kupita kijiweni kwa muuza kahawa bila kuitwa.

"Mpishi! Leo ugali umeiva?"

"Mwacheni mzee wa watu, adui alimkimbia kwa harufu ya vitunguu."

"Wewe, nishani yake si unaiona? Ile pale, mwiko!"

Mwanzoni baba aliwajibu, kwa sababu alikuwa na mdomo na alipenda utani. Aliwaambia kwamba hata huo mwiko wao hawajaushika, kwamba wakati yeye anapika kwa kuni mbichi wao walikuwa wanapanga foleni ya sabuni na kupigana vikumbo na wanawake. Wakacheka wote. Lakini niliona alivyoanza kupitia uchochoro wa nyuma. Niliona alivyoacha kuchechemea mbele za watu, akikaza mguu, ili mtu asiulize kidonda kile kilitoka wapi. Hakuwa anataka fedha wala cheo. Alitaka faili liseme kwamba aliingia kwenye yale matope.

Basi tukaenda ofisini, mimi na shemeji. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, na nilidhani kusoma ni kitu.

Karani aliyetupokea alikuwa mtu nadhifu, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alitusikiliza vizuri, hilo nalikiri. Alilifungua kabati, akaichungulia ile karatasi ya mgambo asiye na jina, akaichungulia na ile ya baba.

"Sawa, ndugu," akamwambia shemeji. "Wewe ndiye shahidi. Uliona?"

"Niliona."

"Taja jina la uliyemwona."

Shemeji akatazama sakafu. Nikaeleza mimi. Nikaeleza mila yetu yote, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda stesheni. Karani akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, hapa hatuna wakwe. Hapa wote ni ndugu."

"Basi msomee jina lililo kwenye faili, yeye aitikie."

"Nikimsomea nitakuwa nimemlisha maneno. Kesho mwingine atasema nimepanga naye."

"Aandike?"

Shemeji mwenyewe ndiye aliyekataa, kwa sauti ya chini. "Shemeji, kuandika si ni kusema kwa mkono?"

Siku nyingine tulikwenda na dada. Tulikuwa na barua ya balozi wa nyumba kumi, imegongwa muhuri. Mpango wetu ulikuwa shemeji atoe ushahidi wote, na akifika penye jina anyamaze, dada amalizie, kwa sababu yeye ni binti na hana mwiko wowote. Ilianza vizuri. Shemeji alisema mafunjo, akasema sufuria, akasema mikanda ya begi, halafu akasema, "na aliyewavuta alikuwa," akanyamaza, na dada akalitamka jina la baba wazi kabisa, kama anaita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Wewe ulikuwa vitani?" karani akamuuliza.

"Sikuwa."

"Basi umejuaje?"

"Nimeambiwa na mume wangu."

"Amekuambia jina?"

Karani akafunga faili, wala hakutabasamu. Angetabasamu ningemsamehe kidogo.

Tulikuwa bado tunakusanya karatasi zetu wakati mlango ulipofunguliwa akaingia mzee mmoja, kanzu safi, kofia mkononi. Karani aliruka kutoka kwenye kiti chake. Nasema aliruka. Akajibanza ukutani, macho chini, mikono ameikusanya mbele ya tumbo, akamnong'oneza tarishi wake ampe mgeni kiti.

"Mgeni gani huyo, ndugu? Niandike nani kwenye kitabu cha wageni?"

"Andika tu mgeni."

"Jina, ndugu. Ulisema mwenyewe kila mgeni aandikwe jina."

"Ni… ni mzee wa kwao mama watoto. Muulize mwenyewe."

Karani alikuwa mtu wa kwetu. Alikuwa ameninyamazia nikimfundisha mila yake mwenyewe, ametikisa kichwa kwa upole, na muda wote alijua sawasawa alichokuwa anamwomba shemeji afanye. Nilimfuata hadi kwenye korido alipotoka kuagiza chai.

"Kumbe unajua," nikamwambia.

"Dada, nyumbani ni nyumbani. Hapa ni kazini."

"Na shemeji yangu hapa yuko wapi, kazini?"

"Mimi sikuzitunga hizi taratibu."

"Hukuzitunga. Umezivaa tu."

Akaniambia nikiendelea kumpigia kelele faili litarudi chini kabisa ya rundo. Na mimi, niliyekuwa nimejaa maneno mpaka kooni, nikanyamaza. Mpaka leo sijui hasira ile ningeipeleka wapi. Nilishuka ngazi nikaipeleka kwa dada, nikamsema dada barabara nzima, kana kwamba yeye ndiye aliyeiweka kalamu kwenye mfuko wa mtu yule.

Nyumbani nilimwambia baba kila kitu. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya gunia. Akaiweka chini.

"Tutakwenda wote," akasema.

Tulikwenda Jumatatu. Baba alivaa shati lake la mgambo, likiwa limepigwa pasi mpaka likang'aa. Walipokaa pale kwenye benchi la ofisi, shemeji alikaa mwisho kabisa, nusu ya paja nje, ili asimguse. Karani akauliza swali lake lile lile. Baba ndiye aliyesema.

"Sema."

"Mzee, siwezi."

"Nakuamuru. Huko mbele niliposema inama, hukuinama?"

"Huko hukuniamuru hili, mzee."

"Leo nakuamuru. Sema, mwanangu, twende zetu."

Shemeji alisimama, halafu akachuchumaa, kama anavyochuchumaa kila asubuhi anapomsalimia baba uani. Akajifunika uso kwa kofia yake. Kutoka ndani ya kofia ile likatoka jina. Sitaliandika. Shemeji anajua kusoma, na sitaki akutane nalo humu. Lilitoka vibaya, kwa mkazo usio wake, kama neno la lugha ya kigeni, kwa sababu kinywa kile hakikuwahi kulitamka tangu alipooa.

Baba alikuwa anatazama dirishani.

"Sauti, ndugu," akasema karani. "Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Mimi nilisikia, na nilikuwa nimesimama mlangoni, mbali kuliko yeye. Labda aliogopa mkubwa wake, labda alitaka karatasi isije ikatiliwa shaka. Nimejaribu mara nyingi kumtafutia sababu, kwa kuwa kazi ninayoipenda, ya kuandika hadithi, inataka nimwelewe kila mtu. Huyu sijamwelewa, na nimeacha kujaribu. Shemeji akalirudia jina, safari hii bila kofia, kwa sauti ya gwaride. Tarishi alisikia. Waliokuwa kwenye foleni ya korido walisikia. Karani akaandika, akagonga muhuri, akafuta "Mpishi. Hakushiriki mapigano" kwa mistari miwili iliyonyooka, akatoa kabatini bahasha ya kaki yenye nishani akaisukuma mezani.

"Hongera, ndugu," akamwambia baba.

Baba akaweka kidole gumba pale alipoonyeshwa. Kijiweni kwa muuza kahawa habari ilitangulia kufika, sijui kwa miguu gani, na wale wale wa mwiko walisimama wakampa mkono. Mmoja akamwita afande. Baba akashukuru, akapita.

Lakini shemeji hakuja uani kesho yake, wala keshokutwa. Alikuwa na desturi ya kuegesha mkokoteni wake kwetu jioni, akachuchumaa mbali kidogo, na wao wawili wakaongea vita mpaka adhana ya isha, huyu akiwa ameelekea ukuta na yule akielekea kisima. Sasa mkokoteni ulilala Mchikichini kwa rafiki yake. Dada alisema mumewe hali vizuri. Kwa mila yetu, mkwe akilitaja jina hulipa kuku mweupe, wazee hunywa maji, kosa likaoshwa. Alikuwa tayari kulipa. Dada alileta ujumbe huo akiwa na aibu.

"Kosa gani?" baba akauliza. "Nikimpokea kuku wake nimesema amenikosea. Hajanikosea."

"Usipompokea, baba, hatakanyaga hapa."

"Najua."

Nilisema ninachosema mpaka leo: karani ndiye anayedaiwa kuku yule. Anajua rangi yake, anajua anavyofungwa miguu, anajua hata maji yanavyonywewa. Nikasema nitakwenda Mchafukoge nimdai mbele ya foleni yake. Baba akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto akipiga teke ukuta.

"Na akikuletea, utamla?"

Alfajiri ya Ijumaa alikwenda sokoni mwenyewe. Kuku miaka ile hakupatikana hivi hivi, na mweupe mtupu ndiyo kabisa. Alirudi adhuhuri amemkumbatia ndani ya shati la mgambo. Akampa dada.

"Mpelekee mumeo. Mwambie amlete kwangu."

"Baba, kuku wako mwenyewe?"

"Niliyeamuru ni mimi. Kuku ni wangu. Yeye kazi yake ni kumbeba."

Shemeji alimbeba. Aliingia uani magharibi ilipokaribia, kuku mikononi, akachuchumaa, akamweka chini, na baba akanywa maji na kumpa mzee jirani naye akanywa, kosa likaoshwa, kosa ambalo halikuwa la yeyote kati ya wale waliokuwa pale. Kuku akachinjwa, dada akapika. Wanaume wakakaa, sinia mbili, migongo imegeuziana, na kabla ya tonge la tatu nikamsikia shemeji akianza, "Mzee, unakumbuka yule kuruta aliyelala na buti kichwani?" na baba akaanza kucheka.

Waliniita nile. Nilisema nimeshiba. Nilikaa kizingitini mwa chumba, bahasha ya kaki ikiwa bado juu ya cherehani, haijafunguliwa, nikawasikiliza wakicheka, na sikula hata kipande kimoja cha kuku yule.