Mafuta ya Nguzo

Mwaka jana nilipanda Mkunya, kijijini kwetu, kuuza Landrova ya baba. Mnunuzi alitoka Dar es Salaam, kijana mstaarabu wa miwani ya jua na maneno matamu. Akaniambia magari ya zamani siku hizi yana wapenzi wake: yanapakwa rangi, yanapambwa maua, yanabeba maharusi. Nikamtazama nisijue nicheke au nilie. Gari lile, rafiki yangu, lilibeba korosho, mbuzi, wagonjwa na mapipa ya maji, na siku nyingine vyote kwa pamoja. Bibi harusi hakuwahi kulipanda.

Fundi aliyekuja naye aliingia uvunguni, akahangaika huko, kisha akatoka anakung'uta mikono. "Dada, hizi nati za ekzosi mlizipaka nini? Hazishiki spana, hazisikii nyundo. Nyeusi tii, kama lami."

Nilijua zilipakwa nini. Baba, aliyeketi barazani na fimbo yake mapajani, naye alijua.

Nikurudishe nyuma kidogo. Nilikuwa bado shule ya msingi, zama zile za ruksa, watu walipoanza kuuza na kununua watakavyo. Baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Chama kilipoishiwa nguvu, madereva waliambiwa wakapumzike makwao na magari mabovu yakauzwa, naye akainunua Landrova aliyokuwa akiiendesha. Mama akasema mumewe amenunua ugonjwa. Lakini baba alikuwa na matumaini, na nani hakuwa nayo? Maduka ya Masasi, yaliyokuwa na viberiti na vumbi, yakajaa sabuni, mitumba na vipuri. Wanunuzi wa korosho wakaja kutoka kila pembe. Watu walisema, sasa tumefunguliwa.

Sisi wa juu ya uwanda, shida yetu ni maji. Kabla ya Landrova, mama alikuwa akishuka bondeni jogoo la kwanza na kurudi na ndoo kichwani jua likiwa limeshachoma. Baba alipoanza kuleta mapipa, majirani walipanga ndoo zao uani, huyu na ming'oko, viazi vya porini, yule na mbaazi, mwingine na shukrani tu. Nililipenda gari lile kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Tulilisikia likinguruma tangu njia ya Mnyambe, na mama alikuwa akiacha kazi yoyote na kusema, "Maji hayo."

Msimu wa korosho ulikuwa na harufu yake. Mabibo yaliyoiva kupita kiasi, pombe yake ya uraka ikichacha mtungini, na nyuma ya nyumba bibi akikaanga korosho kwenye karai lililotobolewa, moshi wake ukiwasha macho hata ya kuku. Baadaye alijipaka majivu mikononi, akaketi kubangua. Majivu yalikuwa kinga, maana mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi kama moto. Yale yaliyodondoka aliyakinga kwenye kopo, akapaka nguzo za nyumba mchwa wasizile. "Mafuta ya ganda ni ya nguzo, si ya mtu," alikuwa akisema, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Mwaka huo ekzosi ya Landrova ilikuwa imeachia pale bomba linapoungana na injini. Moshi uliingia ndani, abiria wakawa wanateremka wameshika vichwa. Akaja mnunuzi mmoja wa korosho kutoka Lisekese, anatafuta gari la msimu mzima. Alipanda mara moja tu, akashuka amepauka.

"Mzee, gari nimelipenda, lakini moshi huu utaniua," alisema. "Kesho asubuhi nakuja na petroli. Nikikuta umeziba, kazi yako. Nikikuta bado, nitachukua gari la Newala."

Kazi ya msimu mzima! Mwaka ule hatukuwa na tegemeo jingine.

Baba alitaka kulishusha bomba, aweke gasketi mpya, alirudishe. Nati tatu tu ndizo zilizomzuia. Kutu ilikuwa imezishika, nati na bolti zimekuwa kitu kimoja. Alimwagia mafuta ya taa. Akajaribu mafuta ya breki. Akagonga kwa tindo, taratibu, maana bolti ikikatikia ndani ya injini umepata msiba wa pili. Masasi dukani yalikuwepo mafuta ya kulegeza kutu, aliyaona kwa macho yake, lakini petroli iliyobaki haikutosha kwenda na kurudi. Kwa sababu hiyohiyo mapipa yetu yalikuwa makavu, na mama alikuwa ameshuka bondeni kwa miguu.

Ndipo baba akalitazama kopo la bibi.

"Kinachokula ngozi ya mtu," alisema, "kitashindwa na kutu?"

"Mwanangu," bibi akamjibu, "nangu, mimi mama yako, nimebangua korosho tangu sijaolewa. Hayo ni ya nguzo."

"Na nati si kinguzo kidogo, mama?"

Tukacheka wote. Hata bibi alicheka, ingawa hakutaka. Kicheko kile sijakisamehe mpaka leo.

Akazipaka nati zote tatu, akawasha injini ili chuma kipate moto na mafuta yapenye. Moshi mkali ukatoka, tukakimbia. Alipozima hakusubiri, kwani fundi yeyote atakwambia nati hufunguliwa ikiwa ya moto. Akajilaza chali chini ya gari, akavuta spana kwa nguvu zake zote. Nati haikutikisika. Mafuta yaliyochemka ndiyo yaliyotikisika, yakamdondokea machoni.

Hakupiga kelele. Alisema, "Maji. Leteni maji."

Mtungini mlikuwa na maji ya kujaza bakuli, bibi akayamimina yakaisha. Nikakimbia kwa jirani yetu, mzee mwadhini, nikamkuta ameinama na birika lake, anataka kutawadha kwa sala ya alasiri. Nilimwambia. Alinipa birika zima, na nilipogeuka kukimbia nilimwona anapiga viganja vyake mchangani, anatayamamu. Bibi aliyamwaga maji yale kidogo kidogo kwenye macho ya mwanawe, huku analia kwa Kimakonde. Birika lilipoisha, baba alikuwa bado anasema, "Leteni maji."

Mama alifika jua linazama, ndoo imejaa pomoni.

Kesho yake mnunuzi alitimiza ahadi, alikuja. Alimkuta baba amefungwa kanga usoni. Akamchukua mpaka hospitali kwa lori alilokwenda kulikodi Newala, juu ya magunia ambayo yangekuwa yetu kuyabeba. Jicho moja liliondolewa, la pili likabaki kuona mwanga tu, na mwisho hata mwanga likauacha. Mama akarudi bondeni na ndoo yake, nami nyuma yake na yangu.

Ukubwani nilisoma kwamba mafuta yale yakipata moto hukauka na kuganda, na viwandani hutengenezewa gundi. Baba alidhani anafungua, kumbe anagundisha. Sikumwambia, lakini nadhani vidole vyake vilikuwa vimeshamwambia siku nyingi.

Basi yule fundi wa Dar alileta mashine ya kukatia. Cheche ziliruka, na harufu ya ganda la korosho ikatanda uani kwetu kama vile bibi yupo nyuma ya nyumba na karai lake. Bibi hayupo. Mwadhini na birika lake hawapo. Siku hizi bomba la maji liko hatua chache kutoka mlangoni, hutoka siku likipenda, na mafuta ya kulegeza kutu yanauzwa mpaka genge la pale njia panda, pamoja na nyanya. Vyote vimekuja. Vimekuja tu vimechelewa, nami bado vinanitia hasira.

Mashine ilipotulia, baba aliinua uso. "Wamezifungua?"

"Wamezikata, baba."

Akanyoosha mkono. Nikamwekea nati moja kiganjani, bado ina joto, kipande cha bolti kimo ndani yake. Landrova ilipandishwa kwenye lori, ikaondoka bila kunguruma, naye hakugeuza kichwa. Aliibana bolti kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaanza kuizungusha ile nati kushoto, upande wa kufungulia.