Sifuri ya Sehemu ya Sita

Kosa langu kubwa la kwanza kazini lilikuwa kuandika sifuri mahali ambapo sikufika. Nalitaja mapema, mdogo wangu, kwa sababu nikianza kuzunguka nitapata njia ya kulipamba. Sijafikia umri wa kumwita mtu mwanangu, lakini mwaka huu wewe ndiye unayekabidhiwa wavu na fomu, na mimi nimeombwa nikuelekeze. Basi nakuelekeza kuanzia pale nilipoharibu.

Asubuhi yenyewe naikumbuka vizuri. Ulikuwa msimu wa mvua, wakati samaki wanaoitwa ningu wanapotoka Mto Kagera na kupanda vijito kwenda kutaga. Kazi yetu ilikuwa kutembea kijito kimoja upande wa Songambele, kilichogawanywa sehemu sita, na katika kila sehemu tuhesabu samaki, tupime kina na joto la maji, kisha tupekue majani kutafuta mayai. Mwenzangu Deusi, aliyenibeba kwa pikipiki kutoka Ihembe, alibaki barabarani kuziba pancha.

"Tangulia, profesa," aliniambia. "Usije ukawafundisha samaki kusoma."

Aliniita profesa kwa utani, maana kila tulipopumzika nilikuwa nasoma kwenye simu. Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilijifunza mwenyewe, na kila siku niliogopa kwamba mtu ataniuliza cheti mbele ya watu. Ndiyo maana fomu zangu zilikuwa safi kupita za wote. Nikikosea herufi moja, nilinakili ukurasa mzima upya.

Sehemu ya tano niliona ningu wanne tu. Mbele yangu mafunjo yalikuwa yamefunga, na njia ya kwenda sehemu ya sita ilipita katikati yake. Nilipoingiza mguu nikasikia pumzi. Kiboko akipumua karibu yako, unamsikia mpaka kifuani. Mafunjo yakatikisika. Sikumwona, na kutomwona ndiko kulikonimaliza. Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye kichuguu, nikasimama hapo.

Kukimbia hakukuwa kosa. Nilitazama fomu, nikaona kisanduku cha mwisho ni kitupu, na kile kisanduku kikanitisha kuliko mnyama. Watasema hajui kazi, niliwaza. Halafu nikajiambia kwamba kama sehemu ya tano wako wanne, ya sita hawawezi kuwapo. Nikaandika sifuri, kwa mwandiko mzuri.

Kwenye fomu zetu, kistari maana yake sikutazama. Sifuri maana yake nilitazama na hakuna kitu. Nilikuwa naijua tofauti hiyo vizuri kabisa.

Wiki iliyofuata kukawa na mkutano wa kijiji. Kikundi cha wakulima kilitaka kujenga tuta juu ya sehemu ya sita, kuchepusha maji yaende kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Mkuu wetu wa kazi, mama mmoja mtaratibu ambaye hajawahi kunifokea, alifungua faili na kusoma: sehemu ya sita, samaki hakuna, mayai hakuna. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo akasimama Bibi Kokugonza, mwenye shamba la magimbi kando ya kijito.

"Hapo kwenye majani ndipo wanapotagia," alisema. "Kila mvua nawaona."

"Bibi, vijana wetu wamehesabu," mkuu akamjibu kwa upole.

Mdogo wangu, ningeweza kusimama. Sikusimama. Nilitazama viatu vyangu mpaka mkutano ukafungwa na tuta likakubaliwa.

Nje, bibi akanifuata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwijukuru. Wewe ndiye uliyehesabu?"

"Ndiyo, bibi."

"Ulifika kwenye majani?"

Nikaanza kueleza habari za mbinu na vipimo. Akanitazama miguuni. "Gambuti lako siku ile lilikuwa linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nilikuwa kwenye magimbi, nikakuona. Ulisimama juu ya kichuguu, ukaandika, ukaondoka. Nikadhani umeandika kwamba unaogopa."

Nikatazama tena viatu vyangu.

"Si ungeandika hivyo? Hata mimi enjubu yule, huyo kiboko, namwogopa. Napita juu, kwenye migomba. Ungeniuliza, ningekupitisha. Mimi sikusoma, lakini wamenizima kwa karatasi yako. Sasa sema, nani atawaambia?"

Aliondoka bila kungoja jibu. Nilikaa siku mbili nzima nikiwa na lile swali. Nilijiona nikifukuzwa, nikirudi Ihanda kubeba abiria kwa pikipiki kama zamani, na watu wakisema, si tulijua hana cheti. Nilifungua simu kumpigia mkuu, nikaifunga, mara ngapi sijui. Deusi aliponiuliza naumwa nini, nikamwambia malaria. Akaniletea dawa, nami nikaona aibu mara mbili.

Siku ya tatu asubuhi nikaenda kwa bibi. Akanipitisha kwenye migomba, tukashuka nyuma ya magimbi, na hapo nikaona nyasi zilizofunikwa na maji, mayai yakiwa yamenata kwenye majani yake, na migongo ya ningu ikikata maji kati ya mashina. Walikuwa wengi kiasi kwamba nilisahau kuhesabu. Na kutoka juu nikasikia majembe. Vijana wa kikundi walikuwa wameanza.

Nilimpigia mkuu palepale, nikiwa ndani ya matope. "Mama, ile sifuri si ya kweli. Sikufika sehemu ya sita. Niliogopa kiboko, na niliogopa kukuambia."

"Mayai yapo?" akauliza.

"Yapo. Na wanachimba sasa hivi."

"Nenda ukawaambie wewe mwenyewe. Usiseme fomu ilikosea. Sema wewe ulikosea. Mimi nakuja."

Nilipanda kule juu, nikawaambia. Kijana mmoja akanitukana tusi zito, na alikuwa na haki. Walikuwa wamechimba tangu alfajiri, na maji yalikuwa yameshaanza kuchepuka. Hata hivyo majembe yakasimama. Mkuu alipofika, wazee wa kijiji walikubali maji yarudishwe na tuta lisogezwe chini ya mashamba. Lakini sehemu ya juu ya nyasi ilikuwa imeshakauka kwa saa kadhaa za jua. Mayai ya pale yalikuwa yamegeuka meupe, yameshikana na majani. Bibi Kokugonza aliyaokota kwa vidole, akanionyesha. Nilipaswa kusema siku mbili kabla.

Mimi ni mwoga, na nadhani wewe pia ni mwoga, maana nimeona unavyofuta namba zako mara tatu. Usijilaumu kwa hilo. Ukishindwa kufika, andika kwamba hukufika, na uandike kilichokuzuia. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inakatika, kwa sababu mtu mwingine tayari anaitegemea karatasi yako. Na kabla hujaingia kwenye mafunjo, waulize wanaolima kando yake. Mungu akufikishe kila unakokwenda na akurudishe mzima, na akupe watu wa kukuuliza kwa upole kama nilivyoulizwa mimi.

Mkuu alinitoa kwenye kazi ya vijito msimu ule wote, kisha akanirudisha. Siku hizi sitembei kijito peke yangu, na fomu yangu ya mwisho ilikuwa na vistari vitatu. Niliiweka mezani, na sikuinakili upya.