Blauzi Tatu Zisizo na Tundu

Fundi ana miaka arobaini na sita, cherehani moja ya miguu, na wivu asioukana. "Namwonea wivu mdogo wangu," husema huku akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. "Sijifichi. Ulizeni mtaa mzima."

Mdogo wake, ambaye nyumbani humwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alipigwa na mumewe kwa miaka mitatu. Kila baada ya kipigo alimletea Fundi blauzi iliyochanika, ikiwa imefungwa kwenye mfuko mweusi. Fundi huchomoa nyuzi kwenye pindo la nguo ileile na kuzibia nazo, ili rangi isipishane. Nguo ikitoka mkononi mwake, hata mwenyewe haoni ilipoumia.

Mwaka huu Kitinda alikwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, ile inayomkataza mume kumkaribia mke. Mama yao akaazima viatu, akamsindikiza.

Viatu hivyo ndivyo vilivyomchoma Fundi. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, yeye pia alikimbilia nyumbani, mdomo umepasuka. Mama huyohuyo alimpa uji, akamfuta damu, na kabla ya saa sita mchana akamrudisha kwa mumewe. "Mvumilie, mwanangu. Hasira zitampungua."

Hazikupungua, mume alikufa nazo. Sheria ya amri hizo ikapitishwa miaka miwili baada ya mazishi.

"Sasa nishtaki kaburi?" Fundi huuliza.

Siku ya shauri aliitwa kutoa ushahidi. Alikwenda, ila alikuwa ameazimia kutamka maneno machache iwezekanavyo. Hakimu, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliziinua dirishani blauzi tatu ambazo Kitinda alizileta kama ushahidi, moja baada ya nyingine.

"Sioni palipochanika," alisema. "Kama hakuna kingine, nitalitupa ombi hili."

Ombi likitupwa, Kitinda angerudi nyumba ileile jioni hiyo.

"Mheshimiwa, nguo nzima hizo," mume alisema, akitabasamu. "Moja tu ilinaswa na msumari wa mlango. Shemeji akaitia kiraka."

Fundi alitazama benchi la nyuma. Mama alikuwa ameushika mkono wa Kitinda kwa mikono yake yote miwili. Mimi hakunishika hivyo, Fundi aliwaza. Na arudi, aonje. Wazo hilo hulisimulia mwenyewe, bila kulipunguza.

Lakini neno moja la shemeji lilikuwa limemkera.

"Kiraka?" alisema. "Shemeji, mimi natia viraka? Mheshimiwa, naomba wembe."

Karani alimpa wembe wake wa kuchongea penseli. Fundi akafumua blauzi ya kwanza, polepole, mpaka bega likafunguka kama mdomo. Akafumua ya pili. Akafumua ya tatu.

"Msumari hutoboa, kisha huchana kuelekea upande mmoja," alisema. "Hapa nguo imekamatwa kwa ngumi ikavutwa. Mshono umeachia mbele na nyuma. Zote tatu, bega la kushoto, palepale. Huo mlango wenu, shemeji, una mikono?"

Hata karani alicheka. Hakimu hakucheka, aliandika.

Amri ilitolewa kabla ya saa saba. Nje, mama alimlilia Kitinda shingoni hadi kola ikalowa. Kitinda akajinasua, akamnyooshea dada yake ule mfuko mweusi.

"Dada, utanishonea tena?"

"Sishoni. Ziache hivyohivyo. Nipe hiyo karatasi."

Aliisoma amri yote akiwa amesimama juani, kuanzia jina la mdogo wake hadi mhuri, kisha akairudia. Mama akanyoosha mkono kuipokea. Fundi hakumpa.

"Na mimi nisindikize, mama," alisema. "Mpaka kwangu. Viatu si umeshaazima?"