Mama Hakiki na Mkaza Mwanawe

Mtaani walimwita Mama Hakiki. Miaka yote aliyoshona sare za shule, hakuna muuza vitambaa aliyemkatia mita yeye asiipime tena palepale kwenye kaunta, huku wateja wengine wakiguna nyuma yake.

Kwa hiyo tumbo lilipoanza kujaa na choo kugoma, mshukiwa alipatikana upesi: mkaza mwanawe, aliyepika jikoni. Bibi huyo akasusa chakula cha mkaza mwana, akawa anakunywa kwa siri dawa za kulainisha choo kutoka duka la dawa. Tumbo likazidi kuvimba na kukaza, akaanza kutapika. Alipofikishwa hospitali alikuwa hoi, lakini macho yake yalikuwa kazini.

Aliona daktari akimtazama yeye, kisha akimwita mwanawe kwenye korido. Mwana akarudi na tabasamu la kubandika.

"Choo tu kimeziba, Mama. Watakusafisha kidogo."

"Kusafisha gani kunataka saini yangu?"

"Ni utaratibu tu."

"Basi sisaini. Mnanificha kitu, na mkeo ndiye anakijua."

Mwana akatoka amechoka. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba utumbo usipofunguliwa leo unaweza kupasuka, na mama mwenye akili timamu hapasuliwi bila ridhaa yake. Lakini kumtamkia mzee jina la ugonjwa ule? Kwao jambo hilo halikufanyika.

Mkaza mwana akaingia, akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda. Bibi akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Umetumwa?"

"Nimekatazwa. Mama, una saratani ya utumbo mpana. Uvimbe umeziba njia, na zile dawa za kulainisha choo zimezidisha hali. Nilizikuta chini ya godoro, nimemwambia daktari."

Bibi akaishusha shuka kidogo.

"Watanifanya nini?"

"Watapitisha kijibomba cha wavu wa waya kwa njia ya haja kubwa, kitanuke pale palipobana. Ukipata nguvu, ndipo waukate uvimbe. Kikikataa kupita, watakupasua leo hii, na choo kitatokea tumboni, kwenye mfuko."

"Mfuko! Nitembee nao?"

"Utatembea nao. Nitakuosha mimi."

"Nitapona?"

"Sijui, Mama. Daktari mwenyewe hakuniambia ndiyo."

Bibi alimkagua uso wote, akitafuta uongo, kama alivyozoea kutafuta kasoro kwenye kitambaa. Hakuupata. Aibu ilimwingia, maana miezi yote hiyo alikuwa akimwaga supu ya mtu huyu kwenye sinki.

Mlango ukafunguliwa. Mwana akachungulia na tabasamu lake.

"Mama, ni kukusafisha kidogo tu—"

"Kamwite daktari, nisaini," akasema bibi. "Kisha kaa huko nje. Mimi nitabaki na huyu."