Chochea, Chochea

Sijui kama naandika sawasawa, maana shule niliishia darasa la saba. Lakini hili nalijua: nilitaka kumwaibisha yule mzee, tena mbele za watu.

Ni jirani yangu hapa Handsworth, Birmingham, Mwingereza mstaafu. Baba yake alikuwa ofisa kwenye meli ndogo ya vita iliyosindikiza meli za mizigo kutoka Mombasa. Mzee alikuwa akiandika historia ya meli hiyo kwenye bango, litundikwe maktaba: bandari ilizopita, manusura iliowaopoa, hadi ilipouzwa chuma chakavu. Nikamwambia babu yangu alichochea makaa humo, akaungua mkono. Aweke jina lake.

"Hapana, bab," akasema. Bab ndiyo "mpenzi" ya watu wa Birmingham. "Wachochea makaa walikuwa Waingereza wetu. Babu yako labda aliosha sahani."

Niwe mkweli, hakusema kwa ubaya, na chai alinipa. Lakini chai ile ilinikaa kooni miezi.

Siku moja akabisha mlangoni na daftari la baba yake. Ukurasa mmoja ulimshinda. "Hiki ni Kiarabu?" Nikatazama. Kiswahili kitupu, kimeandikwa kwa sikio la Kizungu: *chochaya, chochaya. Ongeza mackar. Funga tanuru.* Moyo ukanidunda kwa furaha mbaya.

"Nitakutafsiria," nikasema, "lakini Jumamosi, kwenye mkutano wako wa maktaba, utakapowaonyesha watu bango."

Jumamosi nikasimama, nikasoma amri moja moja, na Kiingereza chake. Kisha nikamgeukia. "Mzee, mwosha sahani anaambiwa aongeze makaa wapi? Kwenye sinki?"

Watu wakacheka. Shingo ikamwiva, nami nikaona raha. Siwezi kukataa.

Ukabaki mstari wa mwisho. Nilitaka kuuruka, kwa sababu ulimwonyesha baba yake kuwa mtu mwema. Lakini kuficha ndiko kulikoniudhi mimi. Nikampa daftari. "Huu soma wewe, kwa Kiswahili."

"Poli. Mukono bado unaoma?"

"Rudia."

Akarudia. Nikawaambia wote maana yake: pole, mkono bado unauma? Nikakiri pia kwamba sina hati ya kuonyesha ni mkono wa babu. Huenda walioungua ni wengi.

Mzee akachomoa kalamu. "Ni wake," akasema. "Nipe jina."

Akaliandika kwenye bango, na kando yake: mchochea makaa. Herufi moja alikosea. Nikamwambia afute, aanze upya.