Chumba Kimya cha Awindiri

Studio yangu ni chumba cha nyuma cha nyumba tunayopanga hapa mtaa wa Awindiri, mjini Arua, chumba kilichojengwa kwa ajili ya magunia ya mihogo. Nimerekodi humo kwaya, matangazo ya harusi, na vijana wanaoimba habari za mapenzi ambayo bado hawajayaona. Vifaa vyangu vilikuwa vya kuungaunga: kompyuta iliyochoka, maikrofoni ya jukwaani iliyostaafishwa na kanisa, na hedifoni iliyosikika upande mmoja. Wateja walitaka sauti itoke kubwa, na kubwa ilitoka, kwa hiyo sikuona sababu ya kuhangaika.

Kisha mama yangu akapangiwa kupasuliwa shingo ili kuondoa uvimbe wa tezi. Daktari alimweleza bila kuficha: sauti inaweza kurudi ilivyokuwa, inaweza kubadilika, yeye hawezi kuahidi. Mama anaishi Koboko, na huko ndiye anayeanzisha nyimbo za Kikakwa msibani. Akianza yeye, uwanja mzima unaitikia. Kila mtu ana simu siku hizi, lakini hakuna aliyewahi kumrekodi vizuri, na mimi, mwanawe mwenye studio, nilikuwa wa kwanza kulaumiwa. Tulikuwa na wiki tatu. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hununua kitu.

Nilikwenda kwa muuza vifaa vya muziki karibu na soko la Arua, mtu wa maneno mengi ambaye hukufundisha kabla hujauliza. Nilimweleza habari za mama na nyimbo zake, na kwamba pesa yangu ilitosha kitu kimoja. Aliniwekea vitatu mezani: spika za kusikilizia kazi, rekoda ndogo ya betri inayoshikwa mkononi, na maikrofoni kubwa ya kondensa, inayong'aa, ndani ya sanduku lenye sponji.

"Dada, mama yako naimba nje na watu," alisema. "Chukua hii ndogo, enda naye kule kule. Hii kubwa iko na masikio mingi sana. Itasikia mpaka kuku ya jirani."

Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi ni mtu wa studio, si mwandishi wa habari wa redio. Nikanunua kondensa.

Alisema kweli, na hilo liliniudhi zaidi. Siku ya kwanza ile maikrofoni ilisikia bodaboda barabarani, mashine ya kusaga unga ya mtaa wa pili, na mabati yetu yakilia kwa jua. Nikaanza vita na kelele. Nilitundika mablanketi ukutani, nikasimamisha magodoro mawili mlangoni, nikabandika trei za mayai darini hadi mume wangu akauliza kama tunafuga kuku au tunarekodi nyimbo. Baada ya siku nne chumba kilinyamaza kabisa. Nilisimama katikati nikasikia pumzi yangu tu, nikajisifu.

Mama alikuja kutoka Koboko asubuhi, na kitambaa kipya kichwani, kwa sababu alisikia kwamba anakwenda studio. Nilimketisha kwenye stuli, nikamvua bangili zake zisilie, nikamwambia asigonge mguu chini. Nikamvalisha hedifoni mpya ya kuazima. Yeye ni binti wa askari, amekulia katika Kiswahili cha kambini, na hadi leo akiwa na wasiwasi hukisema hicho.

"Nianze?"

"Anza, Mama."

Alifungua mdomo, akaimba mstari mmoja, akangoja. Hakuna kitu. Akageuka kuutazama mlango wenye godoro.

"Nani najibu?"

"Wewe imba sehemu yako tu. Waitikiaji nitawaongeza baadaye."

"Watu ya baadaye?" Aliivua hedifoni. "Mutoto yangu, mimi iko hapa leo."

Nilimweleza kwamba ndivyo kazi inavyofanywa siku hizi: mmoja anaimba leo, wengine kesho, kompyuta inawaunganisha. Akajaribu tena kwa kunihurumia. Sauti ilitoka nyembamba, yenye adabu, sauti ya mtu aliyeitwa ofisini. Mara ya tatu nikapandisha sauti yangu: "Mama, imba tu! Unajua hatuna muda!"

Akaniangalia kwa upole ulioniumiza. Akagusa shingo yake, palipovimba.

"Ile wimbo si yangu peke yangu. Mimi nasikia watu namna gani najibu, ndiyo najua nasema nini mbele. Kama wako na huzuni mingi, napunguza. Kama wamechoka, naita jina ya ukoo yao. Sasa hapa naita nani? Blanketi?"

Tulicheka, kisha nikalia. Nilikuwa nimetumia siku nne kuwafukuza chumbani watu wote ambao mama yangu huwaimbia.

Kesho yake nilirudi sokoni na kondensa ndani ya sanduku lake. Yule muuzaji alikubali tubadilishane kwa ile rekoda ndogo, ila hakuninyima utani: "Dada wa studio sasa iko mwandishi wa habari?" Nilistahili.

Jumamosi nilikuwa Koboko. Mama zangu wadogo wawili na jirani mmoja walikuwa wakibambua karanga uani, na mama kati yao, na bangili zake mkononi. Niliweka rekoda juu ya kinu kilichopinduliwa. Hawakungoja niseme lolote. Mama alianza, wakaitikia, mguu wake ukapiga chini, na sauti ikafunguka yote. Kwenye rekodi ile kuna kuku, kuna lori linaloelekea mpakani, na kuna mtu mmoja anayeitikia kwa nguvu karibu na rekoda, nje kabisa ya wimbo. Ni mimi. Nilijisahau.

Upasuaji ulikwenda salama, namshukuru Mungu. Lakini sauti ilirudi nzito na ya kukwaruza, na mwezi ulipokwisha haikuwa imebadilika. Mama alikuja kwetu kupumzika, na mchana mmoja akaomba asikie ile kazi ya Koboko.

Niliicheza. Alisikiliza sauti yake ya zamani ikianza, macho ameyafumba. Niliogopa kumtazama. Ulipofika mstari wa kuitikia, akaitikia, kwa ile sauti mpya, chini kabisa, pamoja na wadogo zake. Akaitikia hadi mwisho.

"Huyu mama najua kuanza," alisema. "Rudisha. Mimi nitamujibu."